Nyonga ya Kumi na Mbili

Rafu ilikuwa tupu. Asubuhi ilibeba nyonga kumi na moja za chuma, zile wanazowekewa watu waliovunjika mifupa. Sasa ilikuwa saa saba na robo mchana na zilikuwa zimeyeyuka. Hata vumbi halikubaki, maana karakana ile ilisafishwa kuliko sebule inayosubiri wakwe.

Inspekta alipewa kiti. Akakizunguka mara mbili, akakiacha. Tangu aache sigara wiki iliyopita, miguu yake ilikuwa haimsikilizi.

"Mlango umevunjwa?"

"Haujavunjwa," alisema Meneja, jasho likimtiririka chini ya kofia ya plastiki.

"Dirisha?"

"Halifunguki tangu lijengwe."

"Funguo anazo nani?"

"Watatu. Mimi, Fundi wa tanuru, na Shemeji anayeosha vyuma."

"Shemeji wa nani?"

"Wangu, mdogo wake mke wangu. Lakini hapa hata mlinzi anamwita Shemeji."

"Basi na mimi nitamwita hivyo," Sajenti alidakia, akiandika. "Undugu haukataliwi."

Inspekta alimkata jicho. "Meneja, nyonga hizi mnatengeneza wenyewe?"

"Hapana, afande. Zinakuja uchi, sisi tunazivika ngozi. Ni unga mweupe unaofanana na mfupa. Tunaurusha kwa moto mkali, unaganda juu ya chuma. Mfupa wa mgonjwa ukiikuta ngozi hiyo, unadhani umekutana na ndugu yake, unashika." Akajifuta uso. "Afadhali moja imepona. Ya kumi na mbili niliipeleka hospitali asubuhi. Kuna mwalimu mmoja mstaafu ameanguka bafuni. Saa nane anawekewa."

Inspekta alikuwa ameshafika pembeni, kwenye sanduku lililo wazi. Ndani zililala nyonga ishirini, zinang'aa.

"Na hizi?"

"Hizo hazijavikwa. Zinauzika popote, hata kwa wanunuzi wa chuma."

"Mwizi hakuziona?"

"Labda alikuwa na haraka," alisema Sajenti.

"Mwenye haraka hubeba kilicho karibu. Kuna kingine kimepotea?"

Fundi wa tanuru, mzee mrefu aliyeongea kama anayepimiwa maneno, alikohoa. "Kisahani."

"Kisahani gani, mzee wangu?"

"Cha jaribio. Kila mkupuo wa nyonga unaambatana na kisahani kimoja cha chuma hichohicho. Kinaoshwa nazo, kinavikwa nazo. Kesho yake tunabandika utepe wa gundi juu yake, tunauvuta. Ngozi ikibaki, nyonga zinaenda hospitali. Ikibanduka, zote zinarudi."

"Kinauzwa shilingi ngapi?"

"Kiuzwe? Hata ukikiokota njiani utakipiga teke."

Inspekta alisimama tuli. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie, na Sajenti, aliyemjua, akaacha kuandika.

"Mwizi anaacha mali, anabeba takataka," Inspekta alisema polepole. "Huyu hakutaka kuuza. Hakutaka kisahani kivutwe. Mlishakivuta?"

"Bado. Ilikuwa kazi ya leo mchana."

"Na nyonga ya mwalimu imetoka asubuhi."

Meneja alitazama viatu vyake. "Daktari alinibembeleza, afande. Na tangu nianze kazi hii hatujawahi..."

"Ngozi ikibandukia mwilini?"

Fundi ndiye aliyejibu. "Mfupa haushiki. Vipande vinatangatanga humo ndani, mtu anavimba, anaoza. Inabidi apasuliwe tena. Kwa umri wa mwalimu, sijui."

Saa saba na dakika thelathini na tano. Inspekta aliinyakua simu ya Meneja, akapiga. Ililia, ikalia. Daktari wa upasuaji alipopokea, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshanawa mikono na kushikiwa simu.

"Simamisha, daktari. Hiyo nyonga nina wasiwasi nayo."

"Wasiwasi? Mgonjwa ameshachomwa ganzi! Akirudi wodini na mfupa uliovunjika, kila siku inamla. Una ushahidi?"

"Nautafuta."

"Utafute mbio. Nakupa dakika kumi, halafu napasua."

Inspekta alirudisha simu mezani, akaichukua tena, akairudisha. "Mzee, nini kinabandua ngozi?"

"Mafuta. Chuma kikiguswa na mafuta kabla ya tanuru, hata kwa ncha ya kidole, basi. Ndiyo maana hapa ni marufuku kupaka. Si mikono, si nywele." Akainyoosha mikono yake. Ilikuwa imepauka, nyufa tupu, utadhani imepigwa unga. "Spiriti tunayooshea haina huruma, inapenya hata glavu."

"Sajenti, mlete Shemeji."

Aliingia mwanamke wa miaka arobaini hivi, sare imepigwa pasi hadi kola, pete mpya kidoleni.

"Wekeni viganja kwenye hiki kioo cha meza, wote watatu," alisema Inspekta. "Bonyezeni. Toeni."

"Mimi pia?" Meneja alishtuka.

"Wewe hasa."

Akachukua chupa ya maji ya Sajenti, akamwaga kidogo juu ya kila alama. Kwa Meneja maji yalitandaa. Kwa Fundi yakatandaa. Kwa Shemeji yalikimbiana, yakajikunja vitone vitone, kama yanayotambaa juu ya jani la yugwa.

Inspekta alimrudishia Sajenti chupa yake.

"Dada," alisema Inspekta, "ziko wapi?"

"Mimi sijaiba, afande."

"Sijauliza nani ameiba. Ziko wapi?"

"Sijui."

"Kuna mzee amelala mezani. Zimebaki dakika sita. Unamjua?"

"Simjui."

"Na mimi simjui. Ana wajukuu? Sijui. Tumwache apasuliwe?"

Pete ilizungushwa kidoleni mara moja, mara mbili.

"Juzi, ulipoviosha vile vyuma, glavu ilikuwaje?"

"Ilichanika," alinong'ona. "Hapa, kwenye kidole gumba. Nilipoona, nilikuwa nimeshazipanga zote. Nikasema ni kidogo tu, haitadhuru."

"Halafu?"

"Leo asubuhi nilikivuta kisahani peke yangu, kabla ya Fundi. Ngozi ikaja yote na utepe. Yote, afande! Nikazitupa nyonga kwenye pipa la glavu chakavu. Nilipohesabu ni kumi na moja, nikakumbuka moja imeshaondoka."

"Na ukanyamaza."

"Nilijiambia labda hiyo moja sikuigusa."

Inspekta alikuwa ameshapiga. Akamsogezea simu. "Mwambie wewe. Mimi nina wasiwasi tu."

Aliishika kwa mikono miwili. "Daktari, usiiweke. Ni mimi niliyeiosha. Nilikuwa na mafuta mikononi. Bandika plasta, vuta, utaona."

Chuma kiligongana na sinia huko hospitali. Kisha mvutano mfupi, kraa.

"Imetoka kama ganda la yai," ilisema sauti ya daktari. "Nina nyonga nyingine ya saizi kubwa kidogo, nitajua la kufanya nayo. Mwalimu wenu bado hajaguswa na kisu." Simu ikakatwa.

Meneja alikaa chini, palepale sakafuni. Sajenti alirudi kutoka kwenye pipa, glavu zimemnata kwenye mkono wa shati, nyonga mbili kwapani. "Zote zimo, mkuu. Na kisahani kimo."

"Meneja, na wewe utaandika maelezo. Uliitoa kabla haijapimwa." Inspekta akamgeukia mwanamke. Kwa mara ya kwanza alivuta kiti, akakaa. "Miaka mingapi unaosha hapa?"

"Kumi na mmoja."

"Hujawahi kupaka?"

"Hata harusi ya mdogo wangu nilienda nimepauka."

"Sasa kwa nini, dada?"

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega. "Nimechumbiwa, afande. Kwa umri huu! Siku ananivisha pete, alinishika mkono, akauachia haraka. Akacheka, akasema, 'Mama, huu mkono au msasa?' Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikanunua mafuta siku hiyohiyo."

Sajenti alikuwa ameshatoa pingu. Alisita nazo.

"Huyo mchumba," Inspekta aliuliza, "anafanya kazi gani?"

"Mpasua kokoto."

"Na mikono yake ikoje?"

Akatazama viganja vyake vilivyong'aa, akavigeuza, kama mtu anayeulizwa kitu ambacho hata mara moja hakuwahi kujiuliza.

"Afande," alisema, "yangu ilikuwa afadhali."