Mlima Uliokuwa Ukigonga

Nyumba ya Pindo ilikuwa ya mwisho mtaani. Nyuma yake palikuwa na kichaka, na nyuma ya kichaka mlima wa mawe. Pindo alikuwa fundi cherehani. Watu walimpa jina hilo kwa sababu pindo alizoshona yeye hazikufumuka. Mume wake alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilikuwa sokoni. Waliishi na mama wa mume, ambaye wote walimwita Bibi.

Kila asubuhi Pindo alishona karibu na dirisha la sebuleni, penye mwanga. Bibi alikaa kwenye mkeka akichambua vifungo. Masikio yake yalikuwa mazito, lakini vidole vyake vilikuwa kama vina macho. Alijua kifungo cha mfupa na cha plastiki bila kuvitazama.

Asubuhi moja vifungo vilianza kutembea.

Vilikuwa kwenye sinia la bati. Vilisogea polepole, vyote upande mmoja, kama siafu. Pindo aliondoa mguu kwenye cherehani. Cherehani ikanyamaza, lakini sakafu haikunyamaza. Kitu kilikuwa kinapita chini yake, kikigonga mfululizo kama nyundo. Kabatini, vikombe vikagongana. Mlango wa chumba cha Bibi ukafunguka wenyewe, taratibu, mpaka ukagusa ukuta.

Kisha, kila kitu kilipoanza kutulia, ndipo mlio ulipofika. Duum! Vioo vya dirisha vikalia.

"Mama! Umesikia?" Pindo aliuliza kwa sauti.

Bibi alikuwa ameweka kiganja sakafuni, akitabasamu.

"Amerudi," alisema.

"Nani amerudi?"

"Baba yenu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akigonga mawe. Naujua mkono wake."

Pindo alivuta miguu yake juu ya kiti. Baba mkwe wake alikuwa mwashi. Aliijenga nyumba ile mwenyewe, kwa mawe ya mlima uleule. Na alikuwa amekufa zamani, kabla Pindo hajaolewa.

Mume aliporudi, Pindo alimsimulia.

"Ni baruti tu," Kinyozi alisema. "Si wanapasua mlima wapitishe barabara?"

"Najua wanapasua mlima. Lakini mbona nyumba inatikisika kwanza, mlio unakuja baadaye? Baruti gani hiyo inayofika kabla haijalia?"

Kinyozi alikuna kichwa. Swali hilo lilimuudhi.

Kabla ya kazi ya barabara kuanza, watu wa mradi walipita kila nyumba. Waliomba kukagua kuta na kuwaeleza wenyeji. Kinyozi aliwafukuza mlangoni. "Hao wanatupima ili watubomolee," alisema. Kwa hiyo majirani walielezwa, lakini nyumba ya mwisho haikuelezwa chochote.

Mambo yaliendelea. Nyumba ilitetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena. Mlango wa Bibi ulifunguka wenyewe kila mara. Juu ya mlango huo Pindo aliona ufa mweusi, mwembamba, umepinda kama unywele. Kila alipoutazama aliona umerefuka. Alianza kushona akiwa ameupa mgongo, lakini hivyo ilikuwa vibaya zaidi. Alihisi kama unamtazama yeye.

Siku moja mteja alikuja kuchukua kitambaa chake, ambacho hata hakijakatwa.

"Kwani kuna nini?" Pindo aliuliza.

Mteja alitazama chini. "Usinielewe vibaya, dada. Watu wanasema nyumba yako ina wenyewe."

Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Alikula vizuri. Alijipaka mafuta. Nyumba ilipotetemeka aliweka kiganja ukutani na kunong'ona maneno ambayo Pindo hakuyasikia.

Mchana mmoja Pindo alitoka jikoni akakuta mkeka mtupu. Viatu vya Bibi havikuwepo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

"Mama!" aliita. Kisha akakumbuka kwamba kumwita Bibi ni kazi bure.

Alikimbilia kichakani. Mbali kidogo king'ora kilikuwa kinalia kwa kukatika-katika. Pindo alikuwa amekisikia siku zote, akidhani kinawaita wafanyakazi kula. Kikanyamaza. Na hapo aligundua kwamba kila kitu kimenyamaza. Hakukuwa na mashine wala sauti ya mtu. Hata ndege hawakulia. Ilikuwa kama dunia imevuta pumzi na kuibana.

Alimwona Bibi mbele, chini ya mlima. Amesimama, shavu lake limelala kwenye mwamba, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Simameni! Msisogee!"

Mwanamke mwenye kofia ngumu alitokea upande wa pili, mbio, huku akizungumza kwenye redio. "Sitisha! Sitisha! Kuna watu huku! Nasema sitisha!"

Walisimama hivyo, wote watatu, katika ukimya ule. Redio ilikwaruza. Sauti ya mwanamume ikasema, "Tumesitisha." Mwanamke yule akamshika Bibi mkono, akawatoa.

Walipofika nyuma ya kizuizi, king'ora kililia upya. Safari hii mlima ulipigwa. Pindo aliona mgongo wa mlima ukivimba, kisha ukashuka katika vumbi. Vumbi lilipotulia, pale Bibi alipokuwa amesimama palikuwa na jiwe lenye ukubwa wa mkate.

Pindo alilia. Bibi alilitazama jiwe.

Jioni ile mwanamke wa kofia ngumu alikuja nyumbani na kisanduku chenye nyaya. Kazi yake ilikuwa kupima mitetemo na kuzungumza na wakazi. Mtaani walimwita Dada Kofia. Kinyozi alimkaribisha mwenyewe, akamvutia kiti.

"Shikamoo, mama," Dada Kofia alimwambia Bibi kwa sauti kubwa.

"Marahaba, mwanangu. Usipige kelele, kaa karibu."

Pindo alitoa lililokuwa moyoni. "Dada, kwa nini nyumba inatikisika kabla ya mlio?"

"Swali zuri. Baruti ikilipuka, inatuma vitu viwili. Mtetemo unapita kwenye mwamba. Mlio unapita hewani. Mwamba ni kama njia ya mkato, mtetemo hukimbia humo upesi kuliko mlio hewani. Na nyumba yenu imekaa juu ya mwamba uleule. Kwa hiyo miguu inapata habari kabla ya masikio."

"Na mbona inagonga mfululizo?" Kinyozi aliuliza. "Kama mtu anayechonga."

"Tunatoboa mashimo mengi mlimani na kuyatia baruti. Hatuyalipui yote kwa pamoja. Tunayafuatanisha, moja baada ya jingine, upesi kuliko kupepesa jicho. Tungeyalipua pamoja, mtetemo ungekuwa mkubwa mno."

Bibi alikuwa akifuata midomo yao. "Kwa hiyo si yeye," alisema.

Dada Kofia alimshika mkono.

"Si yeye, mama. Ni sisi. Tusamehe."

Bibi alilengwalengwa na machozi. Kisha akasema, "Nilishangaa. Marehemu hakuwahi kufanya kazi kwa haraka hivyo. Jiwe moja, chai. Jiwe moja, chai."

Kinyozi alicheka kwanza, kisha wote.

Pindo alipomweleza kuhusu mlango wa Bibi unaojifungua na ufa ulio juu yake, Dada Kofia aliweka kisanduku sakafuni. "Hiki kinapima mtetemo. Kinyozi, funga ule mlango kwa nguvu."

Kinyozi aliubamiza. Namba kwenye kisanduku ikaruka juu.

"Umeona? Mlango tu umetikisa nyumba, na ukuta haukuumia. Mwili wa binadamu unahisi hata mtetemo mdogo ambao hauwezi kuumiza ukuta. Ndiyo maana tunaogopa mapema." Aliinama akatazama kitasa. "Na huu mlango haufunguliwi na mtu. Kitasa kimelika. Kikitikiswa kidogo tu, kinaachia."

Alisimama kwenye kiti akamulika ufa kwa tochi. "Ndani yake kuna rangi. Nyumba ilipopakwa rangi, ufa huu ulikuwepo tayari."

"Niliipaka mimi," Kinyozi alisema polepole. "Sikuuona."

"Watu wengi hawatazami kuta zao mpaka siku wanapoogopa. Lakini si kila ufa ni wa zamani." Aliuelekeza mwanga kando ya dirisha. Palikuwa na mstari mwembamba, mweupe, safi. "Huu sina hakika nao. Huenda ni wetu. Tungekagua mwanzoni, leo tungejua."

Kinyozi alishusha macho. "Nilikosea kuwafukuza."

"Na sisi tulikosea kutorudi," alisema Dada Kofia.

Alichora alama ya penseli kwenye ncha za ufa huo wa dirishani, akaandika tarehe, akapiga picha. "Ukivuka alama, nipigieni simu. Kisanduku kitabaki hapa. Tukiona namba inapanda, tutapunguza baruti."

Kisha akawafundisha. King'ora kikilia kwa kukatika-katika, ingieni ndani na mkae mbali na vioo. Vitu vizito vishushwe kutoka juu ya kabati. Mkisikia mlipuko msitoke bado, kwa sababu huenda kuna baruti ambayo haijalipuka, na mafundi lazima wakague. King'ora kikilia mara moja, kirefu, ndipo mko salama. Na mtu akiona waya au kitu asichokijua karibu na mlima, asikiguse. Aite mafundi.

"Na mama je?" Pindo aliuliza. "Yeye king'ora hakisikii."

"Huwa tunapandisha bendera nyekundu kabla ya kulipua, na kuishusha pakiwa salama."

"Ile? Ile ni leso ya mfukoni, dada! Nileteeni kitambaa."

Pindo alishona bendera kubwa, pindo mbili kila upande. Waliipandisha kwenye mlingoti mrefu, ikaonekana mtaa mzima. Kinyozi alibadilisha kitasa, na mlango ukabaki umefungwa. Kisanduku kilionyesha kwamba nyumba za upande ule zilitikiswa kuliko zilivyodhaniwa, kwa hiyo baruti ilipunguzwa. Ufa wa dirishani haukuvuka alama. Hata hivyo mradi uliuziba na kuupaka rangi. Wateja walirudi, pamoja na yule aliyechukua kitambaa chake.

Kabla ya kazi kwisha, mpangaji mpya alihamia nyumba ya jirani. Alikuwa msichana mwenye mtoto mchanga, na mumewe alikuwa safarini. Mchana mmoja ardhi ilinguruma chini yake. Alitoka mbio hadi uani, mtoto kifuani, hajui aelekee wapi.

Bibi alikuwa dirishani. Alimwona. Alifungua mlango, akamvuta ndani kwa mkono wenye nguvu ambao Pindo hakujua kama anao.

"Kaa hapa, mwanangu. Mbali na kioo."

"Bibi, ni nini hicho?" Msichana alimkaza mtoto kifuani. "Kuna kitu chini ya nyumba!"

"Ni watu wanapasua mlima. Mtetemo unapita kwenye mwamba, mlio unachelewa hewani. Keti, nitakueleza vizuri."

Msichana akaketi. Baada ya muda aliinuka. "Naona kumetulia. Niende?"

"Bado."

King'ora kililia, kirefu, kimoja. Bibi hakukisikia. Alikuwa ametazama nje, macho yake kwenye mlingoti, mpaka kitambaa chekundu kiliposhuka chote.

"Sasa," alisema. "Nipe mtoto nimshike, ukaanue nguo zako. Mvua hiyo."