Udongo kwenye Jicho la Mukunde

Mchana baa ya maziwa ya Mukunde, pale Gatsata, hujaa mafundi wa gereji mpaka wengine wanakunywa wamesimama. Siku hiyo aliingia mgeni mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya Mukunde, si mbele anakokwenda, akagonga kiwiko cha fundi. Kikombe kizima cha maziwa mgando kikamwishia kifuani.

Mukunde, kitenge cha njano kimemkaa sawasawa, akamtupia kitambaa.

"Sha, rafiki yangu, hapa maziwa tunakunywa, hatuvai."

"Ukinimwagia wewe, mrembo, hata kuoga nitayaoga."

Aliitwa Sangwa, muuza spea barabara ya pili. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia. Simu zikaanza.

"Cheri, umekula?"

"Nimekula. Niache nioshe vikombe."

Mvua zilipokatika, Mukunde alikuwa ameshaamua kwamba wa kumuoa ni huyu. Mchapakazi, pombe hagusi, mzaha anao. Tatizo moja tu: kikundi cha sala cha Sangwa kilisoma Biblia neno kwa neno, kama fundi anayesoma maelekezo ya kufunga breki.

Kisha jicho la kushoto la Mukunde likawa jekundu, likatoa usaha. Jumapili Sangwa akamwita nyuma ya duka lake. Amenyoa, ananukia.

"Fumba macho, mpenzi. Nina kitu chako."

Moyo ukamruka. Pete! Mukunde akafumba, akanyoosha na kidole kabisa. Akasikia mtu anavuta makohozi kutoka kooni. Ptuu! Kabla hajaelewa, kitu cha uvuguvugu, chenye mchanga na harufu ya oili chafu, kikapakwa jichoni.

"Sangwa! Umenipaka nini?"

"Tope. Nimetemea udongo, kama Yesu alivyofanya kwa yule kipofu. Imeandikwa."

"Mate yako? Na udongo wa gereji?"

Mukunde akatapika pale pale, juu ya viatu vya Sangwa vya Jumapili.

Asubuhi jicho lilikuwa limevimba kama nyanya. Muuguzi wa kliniki alilisafisha huku akisonya, akamwambia angechelewa kidogo angelipoteza. Mukunde akarudi na bandeji. Kila alipokumbuka ile sauti ya makohozi, alijisugua uso kwa sabuni upya. Hata mabusu ya zamani sasa yalimtia kichefuchefu.

Simu ikalia.

"Cheri, nisamehe. Lakini neno la Mungu halina mafumbo. Linasomwa lilivyo."

"Vizuri. Imeandikwa pia kwamba jicho lako likikukosesha, uling'oe ulitupe. Siku ya kwanza uliikodolea macho miguu yangu hadi maziwa yakakumwagikia. Mbona bado una macho mawili?"

"Ile... ile ni mfano tu, Mukunde."

"Ahaa! Jicho lako ni mfano, langu ndilo la kupakwa tope. Usinipigie tena!"

Hakupiga. Na Mukunde, pamoja na kinyaa chake chote, aliutazama mlango kila ulipofunguliwa.

Bandeji ilikuwa imeshatoka Sangwa alipoingia, baa imejaa, shati jeupe lile lile, mche wa sabuni mkononi. Akaenda moja kwa moja bombani, akanawa mpaka viwiko. Mafundi wakacheka.

"Nimeisoma tena ile habari," alisema. "Kipofu aliambiwa aende akanawe. Mimi niliishia kwenye mate."

"Mtoto wetu akiugua jicho, utafanya nini?" Mukunde aliuliza.

"Nitampeleka kliniki."

"Halafu?"

"Halafu nitamwombea."

"Mdomo ukiwa umefungwa."

"Umefungwa kabisa, mama watoto."

Mafundi wakashangilia. Sangwa akatoa pete mfukoni, akaipeleka kinywani ailambe ing'are.

"Sangwa!"

Akaganda, ulimi nje.

Mukunde akaichukua kwa ncha za vidole, uso ameukunja, akaitumbukiza kwenye sufuria la maji ya moto ya kuoshea vikombe. Akamimina na sabuni. Kisha akageuka kuhudumia wateja.

"Kaa hapo usubiri," alimwambia. "Ikitakata nitaivaa."