Mbwa wa Shemeji

"Dada, huyu ni mbwa. Si bunduki."

"Mbwa ana meno."

Mdogo mtu alipiga kiganja juu ya meza ya chuma. Mbwa mdogo wa rangi ya kahawia, aliyeitwa Biskuti, akajikunyata.

Ugomvi ulikuwa umeanzia mlangoni mwa chumba cha ukaguzi na sasa ulikuwa umefika pabaya. Mdogo mtu alikuwa ameshuka kwenye ndege ya mchana, begi moja begani, kizimba cha plastiki mkononi. Alitaka kupita. Dada yake, aliyevaa koti jeupe la mkaguzi wa wanyama, alikuwa amesimama mbele yake kama ukuta.

Kazini walimwita Kufuli.

Mdogo wake alijua tu kwamba dada amehamishiwa karantini ya uwanja wa ndege. Hakujua kuhusu bastola aina ya Glock iliyokuwa chini ya koti. Hakujua kuhusu kisikilizio kidogo, kama punje ya maharage, kilichokaa ndani ya sikio la kushoto.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Kila mbwa au paka anayeingia awekwe chipu chini ya ngozi kwanza, halafu achanjwe kichaa cha mbwa, halafu apimwe damu kuhakikisha chanjo imeshika. Akikosa kimoja, anabaki karantini, au anarudishwa alikotoka. Ikishindikana, anachomwa sindano ya mwisho. Watu walikuwa wamezika watoto kabla kichaa cha mbwa hakijatokomezwa eneo lile, na hakuna aliyetaka kuyarudia.

Biskuti hakuwa na kipimo cha damu.

Mdogo mtu hakutaka kusikia. Alisema mbwa wa wakubwa wanapita kwenye mikoba na hakuna anayewagusa. Alisema dada amekuwa na roho ya karatasi. Kisha akatoa lililokuwa limemkaa moyoni.

"Nani alikaa na wanao ulipokuwa kwenye zile semina zako? Nani aliwaogesha? Leo nakuomba kitu kimoja tu, unanisomea sheria."

Kufuli alifungua tena kitabu cha chanjo cha mbwa. Hakuwahi kuhudhuria semina hata moja maishani mwake.

"Kwa nini hamkumpima damu kabla ya kusafiri?"

"Mchumba wangu alisema tusihangaike. Alisema, dada yako si yupo pale? Atakupitisha."

Sikio la kushoto likakwaruza.

"Kufuli. Mjomba hapa. Mzigo umetua. Ndege ya mchana. Uko ndani ya mnyama."

Kufuli hakupepesa jicho.

Mjomba alikuwa bosi wake katika idara ya usalama. Tangu mwanzo wa mwezi kikosi kilikuwa kinausubiri mzigo huo: ufunguo wa kielektroniki wenye uwezo wa kuzima kamera na mitambo ya ukaguzi ya bandari nzima. Majasusi wa nje walikuwa wameuiba kwa mafundi walioitengeneza mitambo hiyo. Kuutuma kwa mtandao hawakuthubutu, maana mtandao ulikuwa unachunguzwa. Ukiwafikia watu wao mjini, meli ya silaha ingeshusha makontena mchana kweupe, na hakuna mtambo ambao ungelia.

Ndege ya mchana ilikuwa imeleta mnyama mmoja tu.

"Mshike kichwa," Kufuli alimwambia mdogo wake.

Akachukua kifaa cha kusomea chipu, akakipitisha shingoni mwa mbwa, upande wa kushoto.

Pii.

Chipu ilikuwepo. Mdogo mtu akaanza kufunga zipu ya begi, akidhani mambo yamekwisha. Lakini pale kituoni hawakuachia hapo. Chipu hutembea chini ya ngozi, kwa hiyo mkaguzi hupapasa pande zote mbili, kutoka shingoni mpaka kwenye viwiko, kama mama anayetafuta kupe.

Kwenye bega la kulia vidole vyake vikakwama.

Kitu kigumu. Chembamba. Kirefu kidogo kuliko punje ya mchele.

Akakipitishia kifaa. Kimya. Akayatenganisha manyoya. Yalikuwa mafupi pale, yamenyolewa si zamani, na katikati kulikuwa na kovu lenye alama za uzi.

Chipu huingia kwa sindano. Haishonwi.

Waliofanya kazi ile walikuwa mabingwa wa mitambo, lakini hawakuwa wamewahi kumshika mbwa anayewekwa chipu. Walidhani kitu cha kukaa chini ya ngozi lazima upasue, kisha ushone. Wakashona vizuri, kama suti.

Kufuli alimwita daktari wa mifugo, mwanamke mfupi aliyezoea kuongea na wanyama kuliko watu, akamwachia mbwa, mwenyewe akatoka koridoni.

"Mjomba. Nimeupata. Bega la kulia."

"Usiutoe. Mpitishe mwanamke na mbwa wake. Tutawafuata mpaka kwa mpokeaji, kisha kwa wenzake."

"Mwanamke ni mdogo wangu."



"Najua."

"Tangu lini?"

"Unadhani tulikupeleka kituo hicho kwa sababu unapenda paka?"

Kufuli aliegemea ukuta. Basi adui na Mjomba walikuwa wamepiga hesabu ileile. Adui alimbebesha mdogo wake mbwa kwa sababu dada ni mkaguzi. Mjomba alimfanya dada kuwa mkaguzi kwa sababu mdogo amechumbiwa na adui. Undugu wao ulikuwa umewekwa kwenye mtego kama kipande cha nyama.

"Mbebaji wa mara iliyopita," alisema, "yule aliyevusha paka kwa gari. Tulimkuta wapi?"

 Walimkuta kwenye mtaro, amekufa, mikono imefungwa.

"Mdogo wangu hatoki humu."

"Kufuli, hiyo ni amri."

"Nimeisikia."

Akakitoa kisikilizio sikioni, akakitia mfukoni.

Alirudi ndani akamweleza daktari kwa maneno machache. Daktari akamchoma Biskuti sindano ya ganzi, akapasua, akavuta kwa koleo kichupa cha glasi chenye ule ufunguo ndani, kilichong'aa kama meno. Mdogo mtu alikuwa amemshika mbwa masikio, machozi yanamtoka, anauliza hicho ni nini. 

"Mchumba wako anakusubiri wapi?" Kufuli aliuliza.

"Maegesho. Gari jeusi, Prado. Dada, kuna nini?"

"Kaa hapa. Usipige simu."

Alitia mfuko wa chakula cha mbwa ndani ya kizimba kitupu ili kiwe na uzito. Akakifunika taulo. Akatoka.

Jua lilikuwa kali. Prado ilikuwa mwisho wa maegesho, injini inanguruma. Mwanamume mtanashati, miwani ya Ray-Ban, manukato yanamtangulia, alishuka akinyoosha mikono.

"Shemeji! Nilimwambia hutatuangusha."

"Familia ni familia, shemeji."

Akapokea kizimba.

Hakuuliza mchumba wake yuko wapi.

Kwenye kiti cha nyuma, mlango ukiwa wazi, Kufuli aliona glovu, koleo na wembe. Kando yake, kamba ya nailoni.

Kamba haikuwa ya mbwa.

Mwanamume alifunua taulo. Akaona mfuko. Mkono wake ukaruka kiunoni.

Kufuli alikuwa mwepesi zaidi. Aliubamiza mlango kwa goti, mkono uliokuwa unachomoa bastola ukabanwa, nayo ikaanguka chini ya gari. Kabla jamaa hajamaliza kupiga yowe, mdomo wa Glock ulikuwa chini ya kidevu chake.

"Shemeji," alisema taratibu, "mahari tutaongea siku nyingine."

Alimfunga pingu kwenye usukani, akazima injini, akatoa ufunguo. Ndipo akakirudisha kisikilizio sikioni.

"Mpokeaji ameshikwa. Mzigo uko kwa daktari. Simu yake hii hapa, mtawapata wenzake humo."

"Kazi nzuri," Mjomba alisema, kama vile hakuna amri iliyovunjwa. "Sasa huyo mdogo wako. Vijana wako njiani kumchukua."

"Hajui kitu."

"Watamuuliza."

"Nasema hajui."

"Alibeba, Kufuli. Aliyebeba tunamuuliza. Usiifanye ya kifamilia."

Kufuli alivijua vyumba vya kuulizia. Aliwahi kuingiza watu mle. Wengine walitoka hawakumbuki majina ya watoto wao.

Landrover mbili ziliingia getini. Yeye alitembea, hakukimbia. Akapita mlango wa kituo, korido, chumba cha ukaguzi. Biskuti alikuwa amelala, kitambaa cheupe begani. Mdogo mtu alisimama. Kupitia dirishani alikuwa ameona kila kitu.

"Wewe ni nani?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mbwa amekukwaruza?"

"Nini? Hajanikwaruza."

"Amekukwaruza."

"Dada, nakwambia haja—"

Kufuli alishika mkono wa mdogo wake, akauweka chini ya taa. Kisha akamgeukia daktari. Walitazamana.

Mwenye jeraha la mnyama asiye na kipimo cha damu hatoki karantini mpaka daktari aruhusu. Si polisi, si mwanajeshi, si waziri anayeweza kumtoa. Sheria ilikuwa imeandikwa hivyo, na daktari aliijua kuliko alivyowajua majirani zake.

Daktari alivaa glovu mpya.

"Nimeona mwenyewe," alisema. "Mkono wa kulia. Itabidi achomwe sindano, tena si moja."

"Sitaki sindano," mdogo mtu alisema huku analia. "Nataka uniambie ukweli."

"Nitakwambia wote. Choma kwanza, daktari."

Buti zilikuwa zinakuja koridoni. Kufuli alitoka, akaufunga mlango wa chuma nyuma yake, akazungusha ufunguo, akageuza kibao cha karantini upande mwekundu. Vijana watatu wenye miwani walisimama mbele yake. Mkubwa wao alimwomba afungue.

"Kuna hatari ya kichaa cha mbwa humo," alisema. "Mkubwa wenu akimtaka, aje mwenyewe na daktari wake."

Akatia ufunguo mfukoni. Akapita katikati yao bila kuongeza mwendo, akaelekea bombani kunawa mikono.