Volti Kumi na Mbili Zisizowasha Taa

Mshonaji alifumua mkono wa shati kwa mara ya pili. Alikuwa ameushona kinyume, mshono umetokea nje. Kitambaa kilikuwa cheusi, uzi mweusi, na chumba nacho kilikuwa na giza, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Dirisha lake lilikuwa dogo, tena lilitazama ukuta wa jirani.

"Taa yangu ya cherehani iko wapi?" alipaza sauti.

Alitoka hadi mlangoni.

"Profesa! Si nakuuliza wewe?"

Profesa alikuwa mumewe. Mtaa mzima ulimwita hivyo, maana hakuna redio iliyopita mikononi mwake ikarudi na skrubu zake zote. Alikuwa amechuchumaa uani, mbele ya ubao uliojaa vijitaa vya LED. Vingine alivitoa kwenye tochi, vingine kwenye taa za mapambo. Ganda la taa ya cherehani lilikuwa miguuni pake, tupu.

"Mama, njoo uone maajabu!" alisema. "LED ukiipa umeme, inatoa mwanga. Kumbe ukiipa mwanga wa jua, inatoa umeme! Tazama mita. Volti kumi na mbili! Sola gani tena unataka?"

"Basi niwashie taa."

"Subiri kwanza. Bado naunganisha."

Mshonaji alitupa jicho juu ya paa. Pale palipokaa sola yao palikuwa patupu.

"Na sola yetu?"

Profesa alijikuna shingo. "Ile ilikuwa imechoka, mke wangu. Tangu mvua zilipokatika, betri haijai. Nimempa mdogo wangu."

Mshonaji alihisi damu inampanda kichwani. Sare za walinzi zilitakiwa kesho jioni. Mkuu wao alikwisha kumwambia waziwazi kwamba zikichelewa, kazi yote anampelekea fundi mwingine. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, haikudai umeme. Macho yake ndiyo yaliyodai taa.

"Umegawa sola, umevunja taa yangu, halafu unanionyesha mapambo ya harusi?"

"Usinidharau. Mita haidanganyi."

"Mita yako nitaitosa kwenye beseni la kufulia, tuone itasema nini!"

Mlango wa ua ukagongwa. Aliingia jirani yao, mwanamke fundi wa kufunga umeme wa sola. Mkoba wa vifaa ulikuwa begani.

"Mnafokeana mpaka kuku wangu wamekimbia. Kuna nini?"

"Muulize Profesa," alisema mshonaji. "Mimi nikifungua mdomo tena nitamng'ata mtu."

Fundi aliinama akautazama ule ubao. Hakucheka. "Kazi ya kulehemu ni safi, shemeji. Na ni kweli, LED ikipigwa na jua inatoa umeme. Haya, tupime vizuri."

Alitoa taa ndogo mkobani. "Mita inasema ngapi?"

"Kumi na mbili!" Profesa alijibu kwa kifua mbele.

Fundi aliunganisha taa kwenye ubao, huku mita ikiwa palepale. Taa haikuwaka. Haikutoa hata cheche. Namba kwenye mita ziliporomoka hadi karibu na sifuri.

"Imeharibika hiyo mita," alisema Profesa.

"Mita ni nzima. Ulichopima ni volti peke yake. Volti ni msukumo. Lakini taa inataka pia wingi wa umeme unaopita, yaani ampea. Dada, wewe unajua tundu la sindano. Ukitoboa bomba la tangi la ghorofani kwa sindano, maji yatatoka kwa kasi. Ndoo itajaa lini?"

"Nitazeeka nikiisubiri," alisema mshonaji.

"Ndiyo hivyo. Ndani ya LED kuna kipande kidogo kuliko punje ya ufuta. Hicho ndicho kinachokamata jua. Paneli ya sola ni pana, inakamata jua kwa mikono miwili. Kwa hiyo ukitaka kujua kama chombo kinaweza kazi, kipime kikiwa kimebebeshwa kazi."

"Umesikia?" mshonaji alimgeukia mumewe. "Nenda kwa shemeji ukailete sola. Sasa hivi!"

"Nitamwambiaje? Zawadi hiyo."

"Mwambie nikija mwenyewe nitaondoka na mlango wake pia."

Profesa alirudi na sola kwapani. Aliifuta vumbi kwa kitambaa na maji. Fundi alimpa LED moja nyekundu, akaifunga nyaya mbili za mita.

"Hii haiwezi kukuendeshea taa, lakini inaweza kukuonyesha mahali penye jua kali. Panda nayo juu. Namba za mita zikishuka, hapo pana kivuli. Sola ikizibwa na kivuli hata sehemu tu, nguvu zake nyingi zinapotea."

Mshonaji alishika ngazi. Alitamani kuitikisa kidogo, lakini akajizuia.

"Hapa iko juu," Profesa aliita. "Hapa pia. Hapa... eh! Imeshuka. Hapa ndipo ilipokaa sola yetu!"

"Kivuli cha nini hicho?" aliuliza fundi.

Profesa aligeuza kichwa. Akakohoa. Nyuma yake kilisimama kibao kipana cha bati kilichoandikwa SHONA HAPA. Mshonaji alikipigilia mwenyewe pale juu, mvua zilipokatika.

Fundi alianza kutafuta kitu mkobani ambacho hakikuwemo.

"Mke wangu," Profesa alianza.

"Usiseme."

"Mimi nilitaka tu..."

"Neno moja tu, Profesa, utalala na LED zako!"

Mshonaji alipanda ngazi na nyundo, akamsogeza mumewe pembeni. Aliing'oa ile misumari kwa hasira. Safari hii hakujua anamkasirikia nani. Kibao kilianguka uani kwa kishindo.

Fundi alifunika sola kwa kanga walipokuwa wakiunganisha nyaya, kisha akaielekeza kwenye jua. Alimwazima mshonaji ile taa yake. Alasiri taa iliwaka juu ya cherehani, nyeupe pee. Uzi mweusi ukaonekana juu ya kitambaa cheusi.

Kesho yake jioni mkuu wa walinzi alikagua sare, mshono kwa mshono. Alitia saini, akaacha vitambaa vingine.

Kibao sasa kiko juu ya mlango. Profesa ameitengeneza upya taa ya cherehani, na LED zilizobaki amekizungushia kibao; sola ndiyo inayoziwasha. Fundi akipita husema zimependeza.

Mshonaji hujibu, "Zimepata kazi yake. Lakini akiigusa taa yangu ya cherehani tena, kibao hicho nitampigilia yeye."