Mwenzi Asiyetoa Mapovu

Suti ya kuzamia ya Hollis ilianikwa tangu jana, na bado asubuhi hiyo ilichuruzika maji. Ilinuka mwani uliooza. Mwenye akili angeuliza. Hollis hakuuliza; alikuwa na kazi ya kuona wivu, na kazi hiyo ukiifanya sawasawa hupati hata muda wa kupiga mswaki.

Kila kiangazi hutuletea hapa Visiwa vya Virgin watoto wa Marekani, wajifunze matanga na kuzamia, waungue migongo, warudi kwao wakijiita mabaharia. Sheria ya kwanza botini: kila mzamiaji ana mwenzi wake. Unamkagulia mtungi wa hewa, naye anakukagulia wako, mnashuka pamoja, mnapanda pamoja. Mwaka jana mwenzi wa Hollis alikuwa Imogen, rafiki yake wa chanda na pete. Mwaka huu kaja Paloma, msichana wa Texas mwenye meno ya kutangazia biashara, na mkufunzi Verna akampanga na Imogen.

"Na mimi je?" Hollis aliuliza.

"Wewe umeshaiva. Utashuka na mimi," alisema Verna.

"Jamani, Hollis kaolewa na kocha!" alidakia Paloma.

Boti nzima ikacheka. Imogen naye alicheka, na hapo ndipo palipochoma.

Chini kwenye matumbawe, Hollis alimponyoka Verna akajibanza nyuma ya mwamba, awachungulie wale wawili. Walikuwa wameshikana mikono. Akaguswa bega. Aligeuka, akaona mzamiaji mwenye suti kama yake, amelaza vidole vyake viwili vya shahada ubavu kwa ubavu. Kwa wazamiaji ishara hiyo ina maana moja: mimi na wewe, wenzi. Macho yake yakiwa bado kwa Imogen, Hollis akajibu kwa hasira, kidole kimekutana na gumba: sawa.

Ndipo alipomtazama vizuri. Kila anayepumua chini ya maji hutoa mapovu. Huyu hakutoa hata moja.

Alipanda juu mbio. Angemwambia nani, Paloma amcheke tena?

Mchana Imogen alimfuata na sahani ya makaroni. "Shosti, bado umenuna? Hebu sogea huko."

Akamkumbatia. Ile harufu ya mwani ikapanda kutoka kusikojulikana, Imogen akakohoa, akakohoa tena, na kilichotoka hakikuwa makaroni bali maji ya bahari, ya kijani, yenye mchanga, yakimbubujika puani na mdomoni kana kwamba kuna mtu anamzamisha pale pale juani, katikati ya sitaha kavu, huku Paloma akipiga mayowe na mikono ya Imogen ikipapasa shingo yake mwenyewe, ikijaribu kubandua vidole ambavyo hakuna aliyeviona.

Verna alimvuta Hollis pembeni, sauti imeshuka. "Kule chini ulikubali nini?"

"Mtu... aliomba tuwe wenzi."

"Alitoa mapovu?"

Hollis akatikisa kichwa kukataa.

"Yesu wangu. Ni jumbi huyo."

Sisi twasema jumbi, ninyi mwasema jini; haya, liiteni mnavyotaka, lenyewe halina habari.

"Lilikuwa mtu, likazama peke yake zamani," alinong'ona Verna. "Likipata mwenzi haligawani na mtu. Bibi yangu alisema likimkaba rafiki yako, halimwachi mpaka lione humpendi. Mkane Imogen, Hollis. Mkane kwelikweli, mpaka liamini."

Midomo ya Imogen ilishakuwa ya samawati. Hollis alipiga magoti. Neno lililomjaa kinywani lilikuwa pole. Akalimeza.

"Sikutaki. Nilikuwa nakuvumilia tu. Nenda kwa Paloma wako."

Maji yakazidi kutoka.

"Na ile siri ya mama yako kuwakimbia," alisema Hollis, akidanganya kwa sauti kubwa, "niliwaambia wote. Tulicheka mpaka mbavu zikauma."

Kitu kikakatika machoni mwa Imogen, na maji nayo yakakatika. Alivuta hewa kwa kishindo, na hewa yake ya kwanza akaitumia kutukana.

"Mbwa wewe! Nyoka! Usinisogelee tena maishani!"

Hollis alitabasamu huku machozi yakimtiririka. Kila tusi lilikuwa pumzi. Angetukanwa mpaka jioni, isingemdhuru kitu.

Jioni wenzake wote walisongamana mbele ya boti, Imogen akiwa ameegemea bega la Paloma. Hollis alikaa nyuma, peke yake. Verna alimletea wali na kuku, akasimama mbali, akaiweka sahani sitahani na kuisukuma kwa mguu. Ikaishia katikati ya njia.

"Kula, mwanangu," alinong'ona. "Nisamehe. Siwezi kuja zaidi ya hapa."

Hollis hakunyanyuka. Sahani ikasogea yenyewe, taratibu, mpaka miguuni pake.