Mlango wa Pazia la Tano

Haya niliyaona mwenyewe kwa macho haya mawili. Akitokea mtu hapa kambini Dzaleka akakuambia kwamba siku ile nilikuwa sokoni Chilinde nauza viatu vya mitumba, muulize yeye alikuwa wapi. Nilisimama mlangoni kwa Jules mpiga picha, na kwa kuwa mimi ni mtu mwenye mwili, walio nyuma yangu hawakuona kitu. Ndiyo maana hadithi kamili ninayo mimi peke yangu.

Ilianza na unyevu. Mwezi wa tisa, vumbi jekundu hadi kwenye meno, Godelive mke wa Jules akaingia kufagia kibanda cha picha, akakuta pazia la mwisho limelowa upande wa chini.

"Jules, nani amemwaga maji huku?"

"Hakuna."

Akapiga magoti, akanusa. "Iko nanuka sambaza. Sambaza, dagaa ya ziwa Kivu. Huku tutakuwa tumeitoa wapi?"

Jules akalianua pazia, akalianika juani, akarudi kufuta kamera yake.

Mapazia yalikuwa matano, Godelive aliyashona kwa magunia ya tumbaku kutoka Kanengo, na juu yake Jules alichora barabara ya kando ya ziwa kule Bukavu, Kongo, kama alivyoiacha. Pazia la kwanza, jengo la zamani lenye saa. La pili, nyumba yenye balkoni ya mviringo kama pua ya meli. La tatu, hoteli ya nguzo nyeupe. La nne, gati na ngazi zake za mawe. La tano, nyumba yao wenyewe, maji yakilamba kizingiti. Mteja aliingia amevaa vizuri, akatembea taratibu pazia hadi pazia, picha moja kila mahali, akatokea upande wa pili ameshatembea mji mzima. Watoto waliozaliwa kambini, ambao ziwa kwao ni bomba likipasuka, walitoka humo wanajua nyumba ipi ilijengwa na nani.

Aliyewatembeza ni Mama Rosette, mama yake Jules, mzee wa kandambili za bluu na ulimi usiochoka. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, Papa Lwaboshi, aliyevaa koti jeupe la hoteli na kuwaonyesha wageni majengo hayo, ya kweli. Papa Lwaboshi alizama ziwani wiki ile risasi zilipoingia mjini. Mwili haukupatikana. Na kwao, mtu akizama asionekane, mlango wa nyumba yake huachwa wazi kidogo mpaka matanga yaishe. Siku ya kuyamaliza, mtoto mkubwa hulia kwa sauti, kisha huufunga. Wao walikimbia kabla ya matanga. Jules hakulia ziwani, hakulia njiani Tanzania, hakulia miaka kumi na miwili ya Dzaleka. Alikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: upo, unaukanyagia, lakini hauusikii.

Mlango wa pazia la tano aliuchora umefungwa. Mama yake akautazama siku tatu.

"Jules, fungua iyo mulango."

"Mama, ni rangi tu."

"Baba yako hajaliliwa. Utamufungia inje mpaka lini?"

Jules akachukua brashi, akachora ufa mweusi wa vidole viwili. Alifanya hivyo kama mtu anavyokuna mkono. Asubuhi yake ndipo Godelive alipokuta maji.

Juma hilo Jules akapanda minibasi hadi Area 47, Lilongwe, kusafisha picha. Dada wa dukani akazipanga juu ya meza. "Zikomo, asante bwana. Na huyu mzee, picha zake utachukua ngapi?"

Pembeni mwa pazia la kwanza alisimama mtu mwenye koti jeupe, mgongo kwa kamera, mkono umenyooshwa kama anayeonyesha saa ya jengo. Jules alilijua lile bega.

"Huyo usimtolee nakala," akasema, akauliza choo kiko wapi.

Juma la pili mtu yule alikuwa kwenye balkoni. La tatu, kati ya nguzo za hoteli, na hapo Darlène fundi cherehani akaja na bahasha yake mkononi.

"Jules, nilikuambia unipige miye peke yangu. Wakwe zangu Canada banauliza nimeolewa mara ngapi."

"Ni kivuli."

"Kivuli iko na vifungo?"

Jules akahesabu vifungo. Vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi, kama alivyokishona mama yake zamani.

Na Mama Rosette naye alibadilika. Akiwatembeza watu alianza kunyamaza katikati ya maneno, akiinamisha kichwa, kama anayempisha mwenzake aongee. Kisha anasema, "Njo vile, endelea," na nyayo zake zikaacha alama za maji kwenye udongo mkavu.

Godelive akamwita Bukeyeneza, mwombezi wa Kirundi, mwanamke mfupi asiyepaza sauti. Alizitazama picha moja moja.

"Huyu si baba yako," akamwambia Jules. "Ni jini ya maji. Ilikuta koti haina mwenye kuililia, ikaivaa. Inatembea pazia moja kwa juma. Ikifika kwa mulango, itaingia na mwenye aliomba ufunguliwe."

"Tuyachome?" Godelive akanong'ona.

"Mukichoma, mulango utabakia wazi, na hamutajua uko wapi. Afunge mutoto mukubwa. Lakini kwanza alie, ya kweli. Mulango ya kufungwa na macho makavu, maji inapita."

Jules akajibu kama aliyetumwa kiti: "Machozi, sijue kama niko nayo."

Matanga yakawekwa Jumamosi ya juma la tano, mchana kweupe. Watu wakakaa mikekani nje, wakaimba, wakalia. Mimi mwenyewe nililia vizuri, waulize. Jules alisimama mbele ya pazia la tano, brashi mkono mmoja, kamera shingoni. Basi harufu ya sambaza ikapanda, na maji yakaanza kutambaa kutoka chini ya pazia la kwanza, yakapita la pili na la tatu bila haraka, na juu ya ile sakafu ya udongo tukasikia viatu vya ngozi vikigonga mawe, ko, ko, ko, na Mama Rosette akainuka mkekani kwake humo ndani akitabasamu, mkono wake umeinuliwa kama uliotiwa kwapani mwa mtu, akaanza kutaja nyumba, ya saa, ya balkoni, ya nguzo, ngazi za gati, na kila alipotaja sauti nyingine ya chini ilitaja pamoja naye, na Jules akainua kamera kwa sababu ndicho kitu mikono yake inachojua, akachungulia, akaliona koti likigeuka, na uso wake ulikuwa wa rangi, rangi yake mwenyewe Jules, mapigo ya brashi yake, pua ya babake, sharubu za babake, na mahali ambapo Jules alikuwa amesahau hapakuwa na kitu.

"Mama," akasema. "Kaa chini."

"Tumefika, mwanangu."

"Lia," Bukeyeneza akamwambia. "Sasa."

Tone moja likaanguka juu ya kamera ya Jules, likateleza, likaingia kwenye yale maji. Akapaka rangi ya kahawia juu ya ufa, mara mbili, tatu. Harufu ikakatika. Udongo ukakauka mbele ya macho yetu, na Godelive akamimina kikombe cha chai cha Mama Rosette, sukari tatu.

Nimesema nilikuwepo, na nilikuwepo. Neno moja tu nimelitunga, kwa sababu Godelive huwa anasikiliza nikisimulia: lile tone. Kamera ilikuwa kavu. Alijaribu, uso ulimkunjamana kama wa mtu anayetafuta chafya, haikuja, akabonyeza kitufe, kisha akapaka rangi.

Ile chai hakuna aliyeinywa; mkeka wa Mama Rosette ulibaki mtupu. Pazia la tano lipo mpaka leo, mlango umefungwa vizuri. Kizingitini kuna kandambili za bluu, jozi moja. Jules anasema hakuzichora.