Wimbo wa Chini ya Ua

Mlio ulikuwa mdogo mno, hata kwanza Ghizlane alidhani ni waya mbovu. Alikuwa amechutama uani kwa bibi yake, katika nyumba kuukuu mjini Fez, hedifoni masikioni na kipaza sauti mkononi. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kunasa sauti za filamu, na mwalimu alimtuma alete mlio wa maji ya moto yakimwagwa. Binamu yake Anouar alishika kamera.

Ilikuwa hivi. Bibi Zhor alichemsha maji, na kila alipotaka kuyamwaga kwenye tundu la maji machafu pale uani alianza kwa kusema "Bismillahi", kama alivyofanya maisha yake yote, ili wale wa chini, majini wakaao humo, wasikie, wapishe.

"Bibi, unaniharibia!" Ghizlane alilalamika. "Nataka maji peke yake."

"Haya, waziri wa sauti. Na hao wa chini niwaambie nani kanikataza?"

"Waambie mimi! Ila usiseme kitu, nakuomba."

Anouar akacheka. Bibi alimpenda Ghizlane kupita kiasi, na mapenzi ni upofu. Akafumba mdomo, akamwaga.

Hapo ndipo mtoto alipolia ndani ya hedifoni, kilio kimoja chembamba, kikakatika.

"Umesikia?" Ghizlane aliuliza.

"Nimesikia maji. Kwani?"

"Kuna mtoto amelia."

"Mtoto gani? Nyumba hii haina mtoto, wewe."

Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka tunduni. Bibi akataka kusema neno. Midomo ikacheza, ulimi ukacheza, sauti haikutoka. Akajishika koo, akawatazama.

Daktari hakuona ugonjwa. Wakamwita Si Abdelhak, yaani Bwana Abdelhak, mwalimu wa Kurani mwenye kujua mambo ya majini. Alisoma, akanyunyiza chumvi, akainama tunduni kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa ananong'ona.

"Mmemuunguza mtoto wao. Mama yake ameichukua sauti ya bibi yenu ambembelezee mwanawe."

"Atairudisha, Si Abdelhak?"

"Mtoto akipona, labda. Mwombeeni apone. Mama anayeuguza mimi simwezi, binti yangu." Akaondoka bila hata kunywa chai.

Tangu hapo, kila alasiri, mtaa ukiwa umejilaza kwa joto, Ghizlane alishusha kipaza sauti tunduni na kusikiliza, na huko chini kabisa, nyuma ya maji yanayodondoka na kitu kinachojikuna ukutani, alimsikia bibi yake akiimba wimbo uleule aliomlazia yeye utotoni, akiurudia bila kuvuta pumzi, na katikati ya beti mtoto akiguna, leo kwa unyonge kuliko jana, huku Bibi mwenyewe ameketi kwenye ngazi, mikono mapajani, akimtazama mjukuu wake kama mtu anayengoja habari kutoka hospitali. Ghizlane hakuwa na uso wa kumtazama. Alijuta mpaka chakula kikamshinda.

"Anaendeleaje?" Anouar alinong'ona.

"Anazidi kufifia. Mungu wangu, Anouar, anazidi kufifia."

Alasiri moja wimbo ukakatika katikati ya neno. Mguno nao hakuna. Ghizlane alisubiri, akasubiri, kisha akavua hedifoni huku akicheka na kulia.

"Amelala! Bibi, mtoto amelala!"

Bibi akagusa koo lake. Kitu kilitembea ndani yake kikipanda. Akafungua mdomo, macho yamejaa matumaini, na sauti ikatoka, sauti yake mwenyewe, ile tamu waliyoililia.

"Amekufa mwanangu," ilisema.

Kisha Bibi akainuka. Machozi yalimtiririka na kichwa chake kilikuwa kikitikisika kukataa, kikikataa kwa nguvu zote, lakini mkono ulikuwa umeshamkamata Ghizlane, na Anouar alivuta kwa mikono yake miwili bila kuubandua hata kidole kimoja. Bibi akamburuta mjukuu wake hadi jikoni, akawasha jiko, akateleka maji.